Kitufe cha Kulia na Kidahizo Kilichopotea

Msomaji aliyewahi kuketi mbele ya tarakilishi anaijua tabia hii hata kama hajawahi kuipa jina. Anakipeleka kishale juu ya neno, anabofya kitufe cha kulia cha kipanya, na papo hapo kidirisha chembamba kinachomoza palepale kishale kilipo, kimebeba amri chache: nakili, kata, bandika, futa. Akibofya juu ya picha, amri hubadilika. Akibofya mahali patupu, hubadilika tena. Wataalamu huiita menyu ya muktadha, na yamkini jina hilo lingepaswa kuwasisimua wanafunzi wa isimu na fasihi kuliko linavyowasisimua wahandisi, maadamu muktadha ni neno lililolelewa katika madarasa ya semantiki na pragmatiki. Mashine inakiri jambo ambalo wanaisimu wamelisema kwa muda mrefu: kwamba kinachoweza kusemwa hutegemea kinachosemewa.

Mtafiti anayehusika hapa alikuwa mwanafunzi wa uzamili aliyekusanya msamiati wa vyombo vya bahari katika visiwa vya Lamu. Alianzia Matondoni, kijiji chenye sifa kongwe ya kuunda majahazi, kisha akavuka hadi Faza katika kisiwa cha Pate. Mkobani alibeba daftari, kinasa sauti kidogo, na tarakilishi ya mapajani ambayo betri yake haikumaliza saa moja. Maneno aliyoyapata, mkuku na taruma, foromali na ngama, namna za kutia kalafati na majina ya kamba, aliyaingiza katika programu aliyoandikiwa na kijana mmoja wa idara ya sayansi ya tarakilishi. Kijana huyo hakulipwa chochote ghairi ya chai na mahamri, nalo ni jambo la kukumbukwa kabla ya kumlaumu kwa yaliyofuata.

Programu yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kila kidahizo kilikuwa mstari mmoja katika jedwali refu: neno, ngeli, maana kwa ufupi, mahali liliposikika, na jina la faili ya sauti. Mtafiti alipotaka kuhariri kidahizo ilimbidi akiteue, apandishe kishale hadi juu kabisa ya dirisha, afungue menyu, ashuke hadi kwenye amri aitakayo, kisha arudi chini kwenye mstari uleule. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa vidahizo ishirini safari hiyo haina uzito. Kwa mamia ya vidahizo, usiku, taa ya umeme ikififia na kurudi, inauma kifundo cha mkono. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda unaotumika kuufikia mlengwa hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Menyu inayochomoza chini ya kishale imeufuta umbali huo karibu wote. Hiyo ndiyo hoja nzima ya kuwepo kwake.

"Kaka, hii safari ya kupanda na kushuka inanimaliza," mtafiti alimwambia yule kijana. "Niwekee ile menyu ya kitufe cha kulia."

"Hiyo tu, dada? Kesho asubuhi utaipata."

Kesho yake haikupatikana, wala kesho kutwa.

Kitufe hicho kina historia ndefu kuliko watumiaji wake wengi wanavyodhani. Kipanya cha kwanza, kilichotengenezwa kwa mbao mwaka wa 1964 katika maabara ya Douglas Engelbart kule California, kilikuwa na kitufe kimoja tu. Kile ambacho Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968 kilikuwa na vitatu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kituo cha Xerox kilichoko Palo Alto, wakitumia tarakilishi iliyoitwa Alto na lugha ya Smalltalk, walibuni menyu zilizochomoza palipokuwa kishale. Kampuni ya Apple, ilipoitoa Macintosh mwaka wa 1984, ilirudi kwenye kitufe kimoja kwa kuhofia kuwachanganya watu. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani hadi leo mwalimu yeyote wa tarakilishi amewahi kuulizwa na mwanafunzi mgeni, "Nibofye hiki au hiki?" Hata hivyo, Windows 95 ilipotolewa tarehe 24 Agosti 1995, kitufe cha kulia kikawa mlango wa kila kitu, na miaka miwili baadaye Apple nayo ikasalimu amri katika Mac OS 8: mtumiaji alishikilia kitufe cha Control akibofya, na menyu ikafunguka. Kitufe kilikuwa kimoja lakini maana zilikuwa mbili, mithili ya neno moja linalobadilishwa na kiimbo.

Kilichomchelewesha kijana kilikuwa jambo dogo ambalo wasimbaji wa lugha ya Java wamelikumbana nalo vizazi kwa vizazi. Aliiandika programu yake kwa kutumia Swing, na kwenye tarakilishi yake iliyoendeshwa kwa Linux menyu ilichomoza vizuri. Aliipeleka kwa mtafiti, aliyetumia Windows, na haikuchomoza kitu. Sababu ni kwamba mifumo haikubaliani juu ya lini mtu amesema. Katika Linux, ishara ya kufungua menyu hutolewa kitufe kinapobonyezwa. Katika Windows hutolewa kitufe kinapoachiliwa. Java huliacha swali hilo kwa msimbaji: kila tukio la kipanya lapaswa kuulizwa kama ndilo ishara ya menyu, na swali sharti liulizwe mara mbili, wakati wa kubonyeza na wakati wa kuachilia. Kijana alikuwa ameliuliza mara moja. Alipogundua alicheka peke yake chumbani, akaongeza mistari michache ya msimbo, na menyu ikafunguka pande zote mbili.

Yakabaki maneno. Hapa mtafiti naye alikuwa na la kusema, na lilimchukua muda mrefu kuliko msimbo. Amri za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuzoeleka kiasi kupitia kazi za miaka ya nyuma, mojawapo ikiwa Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka wa 2004 kutokana na mradi uliokita mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wako wasemao kipanya na wako wasemao puku, na hakuna aliyekufa kwa tofauti hiyo. Lakini kijana alikuwa ameandika juu ya menyu yake amri "Kata neno." Mtafiti aliisoma, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kwa Mswahili, kukata neno ni kutoa uamuzi wa mwisho, kama wafanyavyo wazee baraza linapochoka. Menyu ilikuwa ikimtaka mtumiaji akate shauri!

La pili halikuwa la kuchekesha. Programu haikuhifadhi maneno peke yake. Ilihifadhi pia misemo, methali na vitendawili vya mabaharia, na kijana, kama afanyavyo kila msimbaji aliyefunzwa kwa mifano ya Kiingereza, alikuwa ametengeneza kiolezo kimoja: neno "Futa", halafu nafasi ya aina ya kitu, halafu "hii". Matokeo yakawa "Futa methali hii", ambayo ni sawa, "Futa neno hii", "Futa msemo hii" na "Futa kitendawili hii".

"Kwani si watu wataelewa, dada?"

"Wataelewa. Hata mtoto wa miaka miwili akisema 'kitabu yangu' anaeleweka. Lakini hatumwandikii kamusi."

Ilikuwa hoja ya haki, japo ilisemwa kwa ukali kidogo. Katika Kiingereza kionyeshi cha umoja ni kimoja kwa vitu vyote, kwa hiyo kiolezo kimoja hutosha. Katika Kiswahili ngeli hudai upatanisho: neno hili, msemo huu, methali hii, kitendawili hiki. Menyu ya muktadha isiyojua ngeli ya kitu inachokielekea haijaujua muktadha. Njia ya mkato ilikuwepo, yaani kuandika "Futa rekodi hii" kila mahali, na programu nyingi zilizotafsiriwa hujificha huko. Kijana hakujificha. Aliviondoa violezo, akahifadhi kirai kizima kwa kila aina, vinne kwa kila amri. Ilimgharimu jioni mbili.

Hata jina la kitendo lilizua mjadala. "Bofya kulia" ni kirai chepesi, na karibu kila mwongozo hukitumia. Lakini mwenye mashoto hugeuza vitufe vya kipanya chake katika mipangilio ya mfumo, na kwake yeye kitufe cha menyu kimo upande wa kushoto. Akiambiwa abofye kulia, anaambiwa uongo. Asiyeona naye hashiki kipanya kabisa. Husikiliza programu inayomsomea skrini, na menyu hiyohiyo huifungua kwa vitufe vya Shift na F10 vikibonyezwa kwa pamoja, iwapo msimbaji alikumbuka kuviruhusu. Katika mwongozo wa programu waliafikiana kuandika "fungua menyu ya muktadha", kisha kueleza njia zote. Kirai ni kirefu, ila hakimtengi mtu.

Almuradi menyu ilikamilika, nayo ilifurahisha. Kishale juu ya mstari, kitufe cha kulia, amri tano: Sikiliza rekodi, Hariri, Nakili, Ongeza maelezo, Futa. Kwa wiki kadhaa kazi ilikwenda mbio.

Miongoni mwa vidahizo kulikuwa na neno demani. Neno hili lina mizigo mitatu. Ni jina la kipindi cha mwaka ambapo kusi inapungua nguvu, takriban Agosti hadi Novemba. Ni upande wa chombo ambao upepo hautokei, mkabala wa joshi. Tena ni kamba ya tanga ambayo kwayo tanga hukazwa au hulegezwa. Mtafiti aliliingiza mara tatu, kwa maana tatu, kama inavyotakikana katika leksikografia. Maana ya tatu aliipata kwa fundi mmoja mzee wa Matondoni, ambaye mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, alimwita kivulini na kusema, "Ndoo, mwanangu, keti," kisha akaeleza kwa dakika 19 jinsi kamba hiyo inavyoshikwa, nani huishika, huachiliwa lini, na nahodha husema nini anapotaka iachiliwe. Mtafiti hakuandika mengi daftarini. Mzee alizungumza kwa mikono, na macho ya mtafiti yalikuwa kwenye mikono hiyo. Daftari lilibaki na mstari mmoja: "demani, kamba ya tanga, mzee, tazama rekodi."

Usiku mmoja, akiyapitia maingizo yake, aliona demani nne. Maana ya kamba ilikuwa imeingizwa mara mbili, bila shaka siku ambayo umeme ulipotea katikati ya kazi na yeye akaanza upya kutoka daftarini. Mistari miwili ilifuatana, sawa neno kwa neno, isipokuwa mmoja ulikuwa na rekodi na mwingine haukuwa nayo. Aliubofya wa juu kwa kitufe cha kushoto, akasikiliza sekunde chache, akaitambua sauti ya mzee. Huu ndio wa kweli. Akakishusha kishale hadi mstari wa chini, akabofya kitufe cha kulia, akateua "Futa neno hili". Kisanduku kikamwuliza: "Je, una hakika unataka kulifuta neno demani?" Alikuwa na hakika. Akabofya "Ndiyo".

Programu ikaufuta mstari wa juu pamoja na faili yake ya sauti.

Kwa asiyeijua Swing jambo hili huonekana kama uchawi, ilhali maelezo yake ni mepesi na ya kuudhi. Katika jedwali la Swing, kitufe cha kushoto huuteua mstari. Kitufe cha kulia hakiuteui. Menyu huchomoza palipo kishale, lakini mstari ulioteuliwa hubaki uleule wa awali, na amri yoyote inayouliza "mstari gani umeteuliwa?" hujibiwa ule wa awali. Jicho la mtumiaji liko kwenye kishale na akili ya programu iko kwenye rangi ya buluu iliyotulia mstari mmoja juu yake. Wawili hao wanasema "hili" kila mmoja akikusudia lake. Kisanduku cha uthibitisho, ambacho wasanifu wengi hukiona kama ngome ya mwisho, hakikusaidia kitu, kwa kuwa kiliuliza kuhusu demani, na mistari yote miwili ilikuwa demani.

Hakugundua usiku ule. Jedwali lilimwonyesha demani tatu, kama alivyotaka. Kinasa sauti kilikwisha kusafishwa ili kipate nafasi ya rekodi za Faza. Nakala ya akiba aliyoiweka kila Ijumaa iliandikwa juu ya ile ya Ijumaa iliyotangulia, na Ijumaa kadhaa zikapita. Mwezi wa Juni, kusi ikiwa imeshika, akapigiwa simu kutoka Matondoni kuarifiwa kwamba mzee amefariki. Baada ya kulia kidogo, akiwa na nia ya kuisikia tena sauti ile, alifungua programu, akaliteua neno demani, akateua "Sikiliza rekodi". Kimya. Akarudia mara tatu. Kisha akampigia yule kijana.

Kijana alifika jioni ile. Aliijaribu menyu mara moja tu, akaona, akanyamaza muda mrefu. "Ni mimi, dada," alisema mwishowe. "Nilidhani kitufe cha kulia kinateua mstari chenyewe. Mahali pengine hufanya hivyo." Ni kweli: katika madirisha ya faili ya Windows, kubofya kulia juu ya faili huiteua kwanza ndipo menyu ifunguke, na mtu aliyezoea hilo hana sababu ya kushuku. Siku mbili nzima alijaribu programu za kufufua faili zilizofutwa. Diski ya tarakilishi ilikuwa imeandikwa na kuandikwa tena, na sauti haikupatikana. Mtafiti hakumgombeza. Pengine ingekuwa afadhali angemgombeza, kwani kimya chake kilimlemea kijana hadi mwisho wa muhula.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Kitufe cha kulia kinapobonyezwa, programu sasa hutafuta kwanza ni mstari gani uliopo chini ya kishale, na kama haumo katika mistari iliyoteuliwa, huuteua huo peke yake kabla ya menyu kuchomoza. Ukiwa umo tayari katika kundi la mistari iliyoteuliwa, kundi huachwa lilivyo, maana mtumiaji huenda anataka kuwatendea wote kwa pamoja. Kisanduku cha uthibitisho hutaja neno, maana na mahali, na huonya iwapo kuna rekodi itakayopotea. Amri ya Futa ilisogezwa mbali na Hariri, ikatengwa kwa mstari mwembamba. Isitoshe, haifuti tena: hukihamishia kidahizo na faili yake katika kabrasha la pembeni, na "Tendua" hukirejesha. Msomaji atauliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ni swali zuri, na watengenezaji wa programu hulijibu kila mwaka kwa majuto.

Jambo moja walibishana juu yake hadi mwisho. Menyu ya kwanza ilionyesha amri zote tano kwa kila mstari, kitu kilichoifanya iwe menyu ya muktadha kwa jina tu. Kijana alipendekeza kwamba amri isiyowezekana ifichwe kabisa: mstari usio na rekodi usiwe na "Sikiliza rekodi". Mtafiti alikataa. Alitaka amri ibaki mahali pake, imefifia, isiyobofyeka. Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida, kwamba amri zikihamahama mkono haujifunzi mahali pa kwenda. Ya pili ilikuwa kwamba kufifia ni habari: kungemwambia usiku ule, kabla ya kubofya, kwamba anaugusa mstari gani. Kijana alikubali.

Mwezi wa Agosti alirudi Matondoni kuwapa pole wafiwa. Mtoto wa marehemu, naye fundi, alimpokea vyema, akamweleza kuhusu demani kwa dakika nne hivi. Ilikuwa kamba ya kukazia tanga, alisema, na siku hizi vyombo vingi vina mashine. Yale maneno ya nahodha hakuyakumbuka. Mtafiti aliyarekodi maelezo hayo na kuyaingiza kama kidahizo kipya, chenye jina la msemaji na tarehe yake, wala hakuyaweka mahali pa yale ya mzee.

Mstari wa zamani haujafutwa. Bado umo katika jedwali, maana ya tatu ya demani, mahali: Matondoni, faili ya sauti: tupu. Mtu akikipeleka kishale juu yake na kuifungua menyu, mstari hugeuka buluu kwanza, kisha amri tano huchomoza: Hariri, Nakili, Ongeza maelezo na Futa kwa wino mweusi, na juu yake, kwa kijivu, Sikiliza rekodi.